Mchumba Wangu Kachimbiwa Kaburi

Bi Mwanakombo aliingia kwetu bila hodi, simu kaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba panya kwa mkia.

"Yuko wapi?" akauliza. "Yuko wapi huyo mchora maiti?"

Mie nilikuwa mkekani sebuleni, tableti mapajani, nachora jicho la mtu lililotoka mahali pake. Nikalifunika chap na upindo wa kanga. Jamani, mama mkwe ni mama mkwe. Hata kama kaja kwa shari, unainuka, unainama, unaamkia.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Wallahi hakuitikia! Mwanamke wa Msasani, mzaliwa wa pale pale, kafundwa akafundika, kanisusia shikamoo ndani ya nyumba yetu Tandika kama vile nimemtukana!

Nyuma yake akaingia Mzee Mfaume, anahema, anajifutia jasho na kofia. Huyu ndo mshenga. Ndo aliyetuletea posa ya Twalib mwezi uliopita, na siku ile alicheka mpaka magego yakaonekana. Leo macho yake yako chini. Nikajua hapa kuna jambo.

Mama yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kulikoni, dada Mwanakombo? Mbona mnaingia kama mgambo?"

"Muulize mwanao! Muulize kwa nini Twalib wangu kachimbiwa kaburi Kimbiji asubuhi ya leo na mtu yuko hai!"

Akanisukumia simu usoni. Nikaangalia. 

Ilikuwa kazi yangu. Kipande kimoja tu, kimekatwa kutoka kwenye *Fungate ya Udongoni*, katuni yangu ya bwana harusi anayekufa ukumbini, na bibi harusi anayekwenda kumfukua kila Alhamisi ili wapige stori. Audax, bosi wangu, aliirusha kwenye ukurasa wetu jana jioni. Sasa kuna mtu asiye na kazi kaikata picha ya maiti peke yake, kaondoa maneno, kaondoa jina langu, katuma. Ikarukia kundi hili, ikarukia kundi lile, mpaka ikatua kwenye kundi la ukoo wa kina Twalib, na mtu kashaandika chini yake: Innalillahi, kijana wetu ametutoka.

Na maiti ile, jamani, ilikuwa Twalib mtupu. Nyusi zake, mwanya wake, ile alama ya kuungua shingoni aliyoipata kwenye kazi yake ya ufundi friji.

Kule Kimbiji mtandao unashika kwa kudra. Picha imefunguka ina ukungu, shangazi yake anaitazama bila miwani. Kampigia Twalib, hapatikani. Kapiga tena, hapatikani. Si alikuwa ndani ya chumba cha baridi cha wauza samaki, anatengeneza kompresa! Mule ndani simu inakufa kabisa. Basi shangazi kapiga ukunga, majirani wakaja, turubai likafungwa, vijana wakashika majembe.

"Mie nimepigiwa simu napewa pole," Bi Mwanakombo alisema. "Nimeshika fungu la mchicha mkononi, naambiwa pole, Mwenyezi Mungu akupe subira. Nimekimbilia ofisini kwake Kinondoni, nimekuta kufuli. Nilikaa chini kwenye lami, binti. Kwenye lami! Watu wananipepea na maboksi. Mpaka fundi mwenzake akanipeleka kwenye hicho chumba cha samaki, mlango ukafunguliwa, mwanangu akatoka anafuka mvuke kama mzuka."

Pale nilimwonea huruma, sitaki kusema uongo. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, pole sana. Haki ya Mungu sikutaka upatwe na hayo. Mie sijaituma ile picha hivyo, imekatwa."

"Lakini umeichora."

"Nimeichora."

"Mwanangu! Kwenye sanda! Na pamba puani!"

"Na kule wazee wamesema kaburi likishachimbwa haliachwi wazi," Mzee Mfaume akadakia kwa sauti ya msibani. "Litatafuta mtu. Wamelaza mgomba mle ndani, wameufukia."

Na mie, Mungu anisamehe, huku nimepiga magoti, nikawaza: jamani, picha nzuri hiyo.

Mama yangu akaweka mwiko juu ya kabati.

"Dada Mwanakombo, ile ni katuni. Ni hadithi."

"Katuni ni kibwana mwenye pua kubwa anachekesha watu gazetini! Hii ni maiti! Halafu huyu mtoto mie niliambiwa anachora vitabu vya chekechea."

Nikainua uso. "Uliambiwa nini?"

"Twalib aliniambia. Mchumba wangu anachora vitabu vya watoto. Embe, kikombe, sungura."

Sungura!

Mie sijawahi kuchora sungura aliye hai maisha yangu yote! Nilipokuwa darasa la tano nilichapwa viboko kwa kumchora mwalimu wa zamu kama fuvu lenye filimbi. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa bucha moja kule Mtoni, nikaambiwa nichore ng'ombe ukutani. Nikamchora ng'ombe nusu mzima, nusu kachinjwa, na jicho moja linawatazama wateja kwa huzuni. Watu wakawa wanaagiza nusu kilo, wanageuka, wanaliona lile jicho, wanaghairi. Mwenye bucha alinikimbiza na kisu mpaka barabarani! Nikahamia kuchora mifupa na mapafu kwenye vijitabu vya tuisheni. Nikaanza kuchora kwa kidole kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, majini, vyunusi wanaozamisha watu, bibi harusi wasio na taya, naweka mtandaoni, watu wananitukana na kesho yake wanarudi kuuliza sehemu ya pili iko wapi. Mpaka Audax akanitafuta, akanipa meza pale Kinondoni, akaniambia, "Dada, chora unavyoota." Mwezi ujao *Fungate* inatoka kitabu. Kitabu kizima, jina langu juu: Nusaiba.

Na haya yote Twalib anayajua. Ndo mtu wa kwanza kuisoma kila sehemu. Mtu anayenipigia simu ananiambia, "Babe, huyu jini mpunguze meno, nimeshindwa kula." Halafu kwa mama yake mie ndo mchora sungura?

"Mama," nikasema taratibu, "Twalib alikudanganya."

"Usimsingizie mwanangu! Wewe ndo una mambo. Nimeuliza, nimeambiwa. Bibi yako alikuwa muosha maiti hapa mtaani. Mmerithishana!"

Heh! Alikosea mlango. Mama yangu alivuta kanga yake, akaifunga upya kiunoni.

"Mama yangu aliosha wanawake wa mtaa huu bila kuomba hata shukrani," alisema. "Na hakuna aliyetoka mle chumbani akasimulia siri ya mwili wa mtu. Mtaje kwa adabu, au usimtaje."

Mzee Mfaume akaona moto unawaka, akaamua kumwaga maji ya dini. Akakohoa.

"Tusigombane. Ishu hapa ni kwamba, binti yangu, kuchora viumbe wenye roho ni jambo zito."

"Hawa hawana roho, Mzee," nikamjibu. "Wameshakufa."

Mama yangu alibana mdomo na kanga. Mzee Mfaume akatazama dari. Bi Mwanakombo akafyonza, mfyonzo mrefu, mfyonzo wa Msasani, na katikati ya mfyonzo ule ndo bodaboda ikazima nje.

Twalib akaingia.

Jamani. Sijui niseme nini. Nilikuwa na hasira ya kuvunja sufuria, lakini alivyoinama kuvua viatu mlangoni, na ovaroli lake la bluu, na nywele bado zina unyevu wa ile baridi, moyo wangu mjinga ukaenda wenyewe. Alinitazama. Sekunde ile ile ningemsamehe sungura wote wa dunia. Nilimwambia kwa macho: njoo, sema. Wewe sema tu, mie nitasimama na wewe.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama yangu. "Shikamoo Mzee."

Kabla hajakaa mama yake keshamkamata mashavu, anayapapasa kama anakagua nazi.

"Mwanangu. Nijibu mbele ya watu. Ulijua huyu anakuchora maiti?"

Friji letu likakoroma huko kona. Twalib akaliangalia friji. Fundi bwana, hata siku ya hukumu ataangalia friji.

"Twalib, ulijua?"

"Mie... sijui chochote, mama," alisema. "Kanichora tu. Hakuniambia."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Rudia," nikasema.

"Nusaiba, tafadhali..."

"Nimesema rudia!"

Hakurudia. Akakaa kwenye kochi, akaanza kubandua uchafu kwenye kucha.

Hakuniambia! Ni nani alilala chini ofisini kwa Audax, siku ya Jumapili, mkewe Audax yupo pale anakaanga senene, Audax mwenyewe yupo anabishana na mpira kwenye redio? Ni nani alichukua shuka jeupe akajizungushia mwenyewe? Mie sichoragi kwa kunakili picha za simu. Nachoraga mtu akiwa mbele yangu, anapumua, ndo mkono wangu unakubali. Nilikuwa nimemwomba mtu mwingine alale. Twalib ndo akasema, "Hapana, babe. Bwana harusi wa Nusaiba ni mmoja." Pamba zile, PAMBA ZILE, aliziweka mwenyewe! Akasema, "Nifanye handsome." Tukacheka mpaka mke wa Audax akaunguza senene.

Halafu akapitiwa na usingizi. Uchovu wa kazi, akalala kweli, mdomo wazi kidogo, anakoroma na pamba puani. Na mie nilikaa pale chini nikamchora, mstari kwa mstari, na katikati ya ule mdomo na kile kidevu nikajua kwamba nampenda huyu mtu vibaya sana. Kwamba nikizeeka nataka niwe nimezeeka karibu na ule mkoromo. Posa ilikuja baadaye. Mie nilishaolewa siku ile, kwenye karatasi.

Sasa yule yule yuko kwenye kochi letu anasema sikumwambia.

"Twalib," nikasema, "nani alikuwekea pamba?"

"Usimtishe!" Bi Mwanakombo akanikemea. "Keshasema hajui. Umemnyemelea mtoto wa watu, umemchora kwa siri. Huo ni uchawi, hauna jina lingine."

"Mama, hebu itazame hiyo picha vizuri."

"Niitazame tena?"

"Umeitazama kwa hofu. Itazame kwa macho. Wewe ndo umemzaa."

Sijui kwa nini alinisikiliza. Labda kwa ubishi tu. Akainua ile simu, akaivuta picha kwa vidole, ikawa kubwa. Akashuka nayo taratibu, uso, shingo, mikono, mpaka miguuni. Pale nilichora sanda imefunuka, maana bibi harusi ndo anaanza kumfungua. Vidole vya Bi Mwanakombo vikasimama.

Nikasikia wali unaanza kuungua jikoni. Hakuna aliyekwenda.

"Kidole," alisema.

"Kidole gani?" Mzee Mfaume akauliza.

"Kidole gumba cha mguu. Kimepanda juu ya mwenzake. Anafanyaga hivi tangu mchanga, akiwa kalala. Akiwa macho hawezi, hata umlazimishe." Akamgeukia mwanawe. "Huyu hajafa. Huyu kalala. Twalib, wewe ulilala mbele yake!"

Nikashusha pumzi. Nikajua yamekwisha, ukweli umejitokeza wenyewe. Kumbe ndo kwanza!

Maana uso wa Bi Mwanakombo ulibadilika tena, na safari hii akanitazama mie kuanzia kichwani mpaka kwenye unyayo.

"Na wewe ulimwona wapi mwanangu amelala?"

Ya Rabi!

Mzee Mfaume akaanza kusoma astaghfirullah chini chini. Mama yangu mzazi, yule yule aliyekuwa ananipigania, akanigeukia. Alinitazama tu, na jicho lile lilikuwa na swali ndani yake. Hilo ndo liliniuma kuliko yote. Heshima yangu ilikuwa inaning'inia pale sebuleni, na mtu mmoja tu ndo alikuwa na neno la kuirudisha mahali pake.

Nikamtazama Twalib.

Twalib akatazama friji.

Moja kwa moja ningeweza kusema mwenyewe, ofisini, Jumapili, mke wa Audax yupo. Lakini nilinyamaza makusudi. Nilitaka nione. Nilimpa nafasi ndefu, nafasi ya mtu kumeza mate, kufikiria, kumeza tena.

"Ofisini kwa kina Audax," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Watu walikuwepo. Mke wa Audax alikuwepo. Nilikuwa namsaidia kazi, nikapitiwa na usingizi. Hakuna kibaya, mama."

"Na pamba?" nikauliza.

"Na pamba... niliweka mwenyewe."

"Kwa hiyo ulinidanganya?" Bi Mwanakombo alikuwa amekaa sasa, mtandio umemwangukia mabegani. "Mimi mama yako? Na sungura je?"

"Nilijua hutamkubali, mama. Ningesema anachora wafu ungekubali nilete posa?"

"Nisingekubali!"

"Sasa ningefanyaje?"

Wakatazamana, mama na mwana. Halafu yule mama akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alilia kidogo, akajifuta, akainuka akaja kuniwekea mkono begani. Mkono mzito, una hina iliyofifia.

"Basi yamekwisha," alisema. "Nimemwona mwanangu hai, nashukuru. Posa itabaki, tarehe tutapanga leo leo. Ila uache hiyo kazi. Uache kabisa. Sitaki mkwe anayenichorea wanangu makaburini. Chora maua. Chora hao sungura."

"Mama, kitabu changu kinatoka mwezi ujao."

"Kisitoke."

Twalib akanyanyuka, akanisogelea, akaniinamia sikioni. Nikasikia harufu yake, mafuta ya mashine na sabuni, ile ninayoipenda.

"Kubali tu, Nusaiba. Kubali mama afurahi. Ndoa ikishapita utachora kimya kimya, mie nitakufichia. Tutumie jina la kiume."

Nitakufichia! Eti alikuwa ananipa zawadi! Nilimgeukia niseme neno ambalo hata sijui lingekuwa neno gani, na hapo ndo simu ya mama yake ikaita. Ya kuonana sura. Shangazi wa Kimbiji.

"Mpe! Amwone!" Mzee Mfaume akasema. "Watu kule wanasubiri kumwona hai, hawaamini."

Twalib akaishika simu mbele ya uso wake. Kioo kikajaa wanawake wamejitanda kanga, wamebanana chini ya turubai, na katikati shangazi, mtu mzima, macho mekundu. Walivyomwona vigelegele vilipasuka mpaka spika ikakwaruza.

"Mwanangu! Ni wewe au ni mgomba?"

"Ni mie, shangazi. Shikamoo. Nipo."

"Marahaba baba, marahaba! Alhamdulillahi! Lakini niambie. Ni nani aliyekufanyia haya? Nani kachora ile picha? Ukoo mzima uko hapa tunataka kumjua."

Bi Mwanakombo akamtazama mwanawe. Mama yangu akamtazama. Mie nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, bega langu karibu liguse lake. Alichotakiwa ni kugeuza simu kidogo tu.

"Aah," Twalib akacheka kicheko chembamba. "Watu tu wa mtandaoni, shangazi. Hawajulikani."

Hawajulikani.

Mkono wangu haukuniuliza. Nikaichukua ile simu kutoka kwake.

"Shikamoo shangazi," nikasema. "Mie ndo niliyemchora. Naitwa Nusaiba, wa Tandika, mchumba wake. Nachora wafu na majini, ndo kazi yangu, ndo inayonilisha. Yeye mwenyewe alilala, na pamba akajiwekea, akaomba awe handsome. Sikumtumia mtu ile picha imekatwa, aliyeikata simjui. Lakini mmelia kwa mkono wangu, na mmechimba kwa mkono wangu. Kwa hilo nawaomba radhi, nyie wote mliopo hapo."

Nilimwona kuku anapita nyuma yao.

Shangazi akasogeza uso karibu na kioo, mpaka nikawa naona jicho moja tu.

"Ni mkono wako ule?"

"Ni wangu, shangazi."

"Una laana ya mkono, mtoto wewe." Akajifuta jicho lile na kanga. "Nililia, wallahi. Nililia kama nilivyomlilia marehemu kaka yangu, baba yake huyo. Wamefanana mle kwenye picha kuliko anavyofanana naye akiwa hai. Ukija huku uje nikupige kibao. Halafu nikuulize kitu."

Simu ikakatika. Mtandao wa Kimbiji.

Nikamrudishia Bi Mwanakombo simu yake kwa mikono miwili. Nadhani kile alichosema shangazi kuhusu marehemu mumewe kilimpata mahali, maana aliifungua ile picha tena, peke yake, akawa anaiangalia uso.

Nilimgeukia mama yangu. Kwa mila zetu binti hajibu posa, binti anajibiwa. Tangu baba afariki mama ndo baba.

"Mama," nikasema.

Hakuniacha nimalize. Aliingia chumbani kwake, nikasikia droo inavutwa. Akatoka na ile barua ya posa kwenye kitambaa chake cheupe, imekunjwa vile vile kama Mzee Mfaume alivyoileta. Akaiweka mapajani kwa mshenga.

"Mzee wangu," alisema, "uliingia vizuri, utoke vizuri. Mwambie aliyekutuma kwamba nyumba hii ina binti mmoja tu, na kazi yake inajulikana. Hatufichi watu sie."

"Mama, usifanye hivyo!" Twalib alisema. "Nusaiba, mwambie!"

"Twende, Twalib," Bi Mwanakombo alisema. Alifika mlangoni, akasimama. Akanitazama tofauti, sijui jicho gani lile, si la mapenzi, lakini halikuwa la mchawi tena. "Marahaba," akasema. Akatoka.

Alikuwa anaitikia ile shikamoo ya kwanza. Nilitaka kulia pale pale.

Twalib alibaki mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Yaani unaniacha kwa neno moja?" alisema. "Neno moja la kumtuliza mtu mzima? Nusaiba, mie nakupenda. Nililala kwenye sakafu kwa ajili yako."

"Najua."

"Unanipenda?"

"Nakupenda. Usiniulize tena, utaniliza."

"Sasa shida nini?"

"Shida ukiwa umelala nakujua mpaka kidole, Twalib. Ukiwa macho ndo sikujui."

Machozi yalikuwa yanamlenga, na mie vidole vyangu, Mungu shahidi, vilitaka kwenda kuyafuta vyenyewe. Nikavikunja.

"Nifanye nini?" akauliza. "Niambie nifanye nini, nitafanya."

"Nenda Kimbiji wakakuone. Kaa nao, kunywa chai yao. Na watakapouliza habari zangu, mie sitakuwepo, hakuna atakayekutazama, hakuna atakayekunyang'anya simu. Utakachosema huko ndo jibu. Kitanifikia tu. Mjini hapa kila kitu kinafika."

"Na posa?"

"Posa haina miguu. Aliyeituma ndo ana miguu ya kuirudisha."

Nje Bi Mwanakombo akamwita kwa jina, mara moja, kwa sauti ya uchovu. Twalib akavaa kiatu cha pili, akashindwa kufunga kamba, akaenda nazo zinaburuzika. Kwenye kona alisimama. Nikadhani atageuka. Akafika mwisho wa ukuta wa jirani, akapotea.

Nilirudi ndani nikakaa kwenye mkeka, nikalia kwa sauti kama mtoto, hasira na mapenzi vimechanganyika sikujua kipi ni kipi. Mama akaja akakaa nyuma yangu, akanishikilia kichwa.

"Lia," alisema. "Wali wenyewe umeungua, hatuna haraka."